Ng'ambo ya Unguja: maji yalifukiwa, mtaa ukabaki ukingoni

Asubuhi ya siku ya skuli, mzazi anayetoka Kikwajuni au Mlandege akiwa amemshika mtoto mkono kuelekea Darajani huvuka bahari bila kujua. Hakuna mashua wala daraja. Kuna daladala zinazopigana vikumbo, wauza ndizi, harufu ya samaki kutoka sokoni na barabara pana ambayo wengi wanaiita Creek Road mpaka leo, ingawa jina lake la sasa ni Benjamin Mkapa. Mtoto akiuliza kwa nini pale panaitwa Darajani wakati daraja halipo, wazazi wengi hujibu kuwa ndivyo panavyoitwa tu.

Jibu kamili ni refu kidogo, na linahusu afya ya mtoto huyo huyo anayeuliza.

Mji Mkongwe wa Zanzibar umejengwa kwenye rasi. Upande wa magharibi uko bandarini, na upande wa mashariki palikuwa na mkono wa bahari uliokuwa ukiingia kutokea Funguni, kaskazini, na kuteremka hadi kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja. Maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, mji ule ulikaribia kuwa kisiwa. Yakipwa, palibaki tope. Aliyeishi upande wa pili wa maji hayo aliishi ng'ambo, na neno hilo la kawaida likageuka kuwa jina la mtaa, kisha la nusu ya mji. Leo watu wengi zaidi wanaishi Ng'ambo kuliko Mji Mkongwe, lakini jina halijageuka. Wenye majumba ya mawe ndio walioamua ng'ambo ni ya nani.

Anayetaka kuyaona maji hayo bado anaweza kuyaona kwenye majina. Funguni ni penye fungu la mchanga. Vikokotoni ni penye vijiwe vidogo. Kisimamajongoo kuna kisima ndani ya jina lake, na bila shaka kulikuwa na majongoo. Kisiwandui lina maneno mawili ambayo mtu hulipita kila siku bila kuyasikia: kisiwa na ndui. Ndui ilikuwa ikiua watoto na kuwaachia waliopona makovu usoni. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida duniani alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 dunia ikatangazwa kuwa huru na ugonjwa huo. Mtoto anayezaliwa leo Kisiwandui hatachanjwa ndui kwa sababu haipo tena. Pengine hakuna mtaa mwingine Unguja wenye jina linaloonyesha wazi hivyo kazi iliyofanywa na chanjo.

Waliokaa Ng'ambo tangu mwanzo walikuwa mchanganyiko: wavuvi, wachukuzi wa bandarini, mafundi, wageni kutoka Comoro na bara, na watumwa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Waliopata uhuru walihitaji pa kulala, na wengi walivuka daraja. Walijenga kwa fito, udongo na makuti, nyumba kwa nyumba, bila ramani ya serikali lakini si bila utaratibu. Nyumba ya Ng'ambo ilikuwa na baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pembeni, na uani nyuma: jiko, choo, na mara nyingi kisima.

Uani ule unahitaji kutazamwa vizuri, kwa sababu sehemu kubwa ya historia ya afya ya mtaa ilianzia hapo. Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Mawe hayo yana matundu, na maji ya mvua huzama haraka. Jambo hilo lina faida, kwani kisima hakihitaji kuchimbwa sana. Lakini kinachozama kutoka chooni nacho huzama haraka vilevile. Wataalamu wa afya ya mazingira hushauri choo cha shimo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani. Mtu aliyewahi kuingia uani mwa nyumba ya zamani ya Mwembetanga atacheka akisikia kipimo hicho. Nyumba nzima haina mita 30.

Upande wa mji wa mawe nao haukuwa safi, ingawa simulizi za watalii hupenda kuanzia kwenye milango iliyochongwa. David Livingstone alipopita mwaka 1866 alikerwa na uvundo wa ufukwe hata akaligeuza jina la Zanzibar, kwa mzaha wa Kiingereza, likawa na maana ya kunuka. Taka za pande zote mbili ziliishia kwenye maji. Mkono wa bahari ulikuwa choo, jaa na njia ya mashua kwa wakati mmoja, na bahari ilikuja mara mbili kwa siku kuchukua ilichoweza.

Halafu kikaja kipindupindu. Hakikuja mara moja. Katika karne ya 19 kilirudi Zanzibar kwa vipindi, na wimbi la 1869 hadi 1870 ndilo lililoacha kumbukumbu nzito kuliko yote, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekaa chini kuliandika. Alikuwa daktari wa Kiskoti, James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar miaka hiyo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1876, na ndani yake alifuatilia jinsi ugonjwa ulivyosafiri kutoka Bahari ya Shamu, ukapita bara katika nchi ya Wamasai, ukateremka Pangani na kuvuka hadi Unguja. Alifuata misafara ya biashara kama ripota anayefuata habari. Maelfu walikufa. Alipokuwa anaandika, kijidudu chenyewe kilikuwa bado hakijakubaliwa na wengi, lakini tayari alijua kuwa ugonjwa haukuanguka kutoka hewani. Ulikuwa na njia, na njia inaweza kuzibwa.

Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, anakumbukwa zaidi kwa Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883. Kwa upande wa afya, kazi yake kubwa kuliko jumba hilo ni mabomba. Alileta maji kutoka chemchemi za upande wa Bububu, kaskazini mwa mji, hadi mjini, na watu wakayachota bure. Jengo la kifahari unaweza kulipiga picha. Mtoto ambaye hakuharisha hapigwi picha, na ndiyo maana sifa ya maji haidumu kama sifa ya jumba. Neno la Unguja lenyewe limebaki na kumbukumbu hiyo: huko mfereji ni bomba la maji safi, wakati bara mfereji ni mtaro. Mama wa Tanga akihamia Unguja na kuambiwa akateke maji kwenye mfereji, siku ya kwanza hushtuka.

Hata hivyo mabomba hayakuwafikia wote kwa kasi moja. Wengi wa Ng'ambo waliendelea na visima vya uani kwa miaka mingi, na wanawake na watoto ndio waliobeba ndoo.

Waingereza walipoushika utawala, maji ya Darajani yaligeuka kuwa suala la mipango miji. Mtaalamu wao, Lanchester, alitoa kitabu kizima kuhusu mji wa Zanzibar mwaka 1923. Mkono wa bahari ukafukiwa kwa awamu, kazi iliyochukua miongo kadhaa. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya: mbu, uvundo, taka. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, na hakuna haja ya kuikejeli. Lakini maafisa wa wakati huo walitumia pia hoja ya afya kutaka nafasi wazi iwepo kati ya mji wa mawe na mji wa udongo, kana kwamba maradhi yana mwenyewe na mwenyewe anaishi Ng'ambo. Uchafu uliotokana na kukosa maji safi ukasomwa kama tabia ya watu. Kosa hilo la kusoma halijafa. Kipindupindu kikizuka leo katika mji wowote wa Afrika Mashariki, sentensi ya kwanza mitandaoni huwa kuhusu watu wachafu, na habari za bomba lililokauka hufuata baadaye, kama zitafuata.

Kitu ambacho hakikufikiriwa sana ni mvua. Mkono wa bahari ulikuwa pia ndio njia ya maji ya mvua kutoka sehemu za juu za Ng'ambo kwenda baharini. Unaweza kuyafukia maji ukajenga barabara, lakini mteremko haufukiki. Masika yakianza, kati ya Machi na Mei, maji hutafuta njia yao ya zamani, na yasipoipata hukaa yalipo. Mradi wa huduma za miji wa Zanzibar, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, umejenga mitaro mikubwa ili kuyatoa maji ya sehemu kama Sebleni na Mwanakwerekwe hadi baharini. Mtaro huo una adui mmoja asiyetajwa sana, nayo ni bamvua. Mvua kubwa ikigongana na maji kujaa, mtaro unaomwaga baharini hauna pa kumwaga mpaka bahari irudi nyuma.

Ingekuwa dhuluma kuuandika mtaa huu kwa maradhi peke yake. Ng'ambo ndiyo iliyompa Zanzibar sauti. Siti binti Saad alizaliwa Fumba mwaka 1880, akaja mjini mwaka 1911, na kutoka nyumba ya Ng'ambo akawa mwimbaji wa taarab aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Mwaka huo huo wa 1928, wapangaji wa ardhi ya Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Nyumba ilikuwa ya mtu, lakini kiwanja chini yake kilikuwa cha mwingine, na kodi ilipopandishwa watu walisema basi. Waliokataa kulipa walipofungwa, umati ulikwenda gerezani kuwatoa. Wanawake wenye nyumba walikuwemo katika ugomvi ule, kwa sababu katika Ng'ambo mwanamke kuwa na nyumba yake mwenyewe halikuwa jambo la ajabu.

Nyumba yenyewe ilifunza watu kuishi pamoja. Baraza la mbele, kile kibenchi cha udongo au saruji, ni la mwenye nyumba na la mpita njia. Hapo hunywewa kahawa, huchezwa bao, huletwa habari za msiba. Hapo pia mtoto wa jirani huonekana akielekea asipotakiwa, akaitwa jina na kurudishwa. Wazazi wanaolea kwenye nyumba zenye ukuta na geti wamenunua usalama wa aina moja na kupoteza wa aina nyingine. Mtoto anayetumbukia kwenye mtaro wa Ng'ambo saa kumi jioni ana nafasi kubwa kuwa mtu wa barazani amemwona. Saa saba mchana, jua likiwa kali na baraza likiwa tupu, hali ni nyingine, na mzazi wa mtaa huo anaijua saa hiyo.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Ng'ambo ilianza kubadilishwa sura. Serikali ya Mzee Karume, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ilianza kujenga nyumba za ghorofa kwanza Kikwajuni na Kilimani, kisha mabloki marefu ya Michenzani yaliyopangwa kufuata barabara mbili pana zinazokutana kama msalaba. Nyumba nyingi za udongo zilibomolewa kuyapisha. Familia zilizokuwa na choo cha shimo zilipata choo cha kuvuta maji, umeme na jiko la ndani. Kwa mama aliyekuwa akipika kuni uani wakati wa masika, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini choo cha kuvuta maji kinataka maji. Ghorofa za juu ziliteseka, na ndoo ikarudi, safari hii ikipanda ngazi. Maji yaliyohifadhiwa ndani kwenye mapipa na madumu yakawa sehemu ya kawaida ya nyumba, na hapo ndipo hadithi hii ya mtaa inapofika kwenye kikombe cha mtoto. Maji yanaweza kutoka kwenye bomba yakiwa salama na kuharibika nyumbani. Kidumu kisichooshwa, kata inayolazwa sakafuni, mkono wa mtoto uliotoka kuchezea mtaro na kuzama moja kwa moja ndani ya ndoo: kila kimoja kinatosha.

Septemba 2015 kipindupindu kilianza tena Unguja na kikaendelea hadi katikati ya 2016. Watu zaidi ya 4,000 waliugua Zanzibar, na zaidi ya 60 walifariki. Aprili 2016 serikali ilizuia uuzaji wa vyakula na vinywaji vya mitaani na skuli zikafungwa kwa muda. Wazazi walioishi kipindi kile wanakumbuka juisi ya miwa ikitoweka Darajani, na watoto wakibaki nyumbani bila kuelewa likizo hiyo ni ya nini. Miaka michache nyuma yake, mapema 2009, watu zaidi ya 23,000 katika shehia chache za Unguja na Pemba, Chumbuni ikiwemo, walikuwa wamepewa chanjo ya kunywa ya kipindupindu. Utafiti uliofuata ulionyesha kuwa hata baadhi ya majirani ambao hawakunywa chanjo walipata kinga kiasi, kwa sababu wagonjwa walipungua karibu yao. Chanjo haikuwa imefika kote, na kinga yake haidumu milele. Baada ya janga la 2015, Zanzibar ilijiwekea mpango wa kukitokomeza kipindupindu ifikapo 2027, na sehemu kubwa ya mpango huo ni ile ile kazi ya Barghash: maji safi yafike, maji machafu yaondoke.

Kwa mzazi ambaye mabomba hayako mikononi mwake, kazi iliyobaki ni ya ndani ya nyumba, na si ya kutisha. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kweli, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko na koki, au yamiminwe badala ya kuchovywa. Sabuni iwe karibu na choo, si jikoni peke yake. Wakati wa masika, kisima cha uani kilichopitiwa na maji ya mafuriko kisitumike kwa kunywa hata kama maji yanaonekana meupe. Weupe wa maji haumwambii mtu lolote kuhusu vijidudu.

Mtoto akianza kuharisha, asisubiriwe mpaka kesho kwa sababu ya foleni. Pakiti moja ya ORS huchanganywa na lita moja ya maji salama na kunyweshwa kidogo kidogo, kwa kijiko ikibidi. Akitapika, mzazi asubiri kama dakika kumi na kuanza tena. Anyonyeshwe kama kawaida, na mtoto mkubwa aendelee kula. Kituo cha afya kitampa pia zinki ya siku 10 hadi 14, na dawa hiyo imalizwe hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu, jambo ambalo kina mama wengi hulisahau. Macho yaliyobonyea, mdomo mkavu, mkojo uliopungua, ngozi ya tumbo inayochelewa kurudi ikifinywa, au mtoto kulegea na kushindwa kunywa: hapo ni kuondoka nyumbani sasa hivi, huku ORS ikiendelea njiani. Choo kinachotoka kama maji ya mchele ni dharura. Kipindupindu kinaweza kuua kwa saa chache, na kinaweza kutibika kwa saa hizo hizo kama maji ya mwili yatarudishwa.

Siku hizi Ng'ambo ina wahudumu wa afya ya jamii wa mpango wa Jamii ni Afya, wanaopita nyumba kwa nyumba wakiwa na simu mkononi, wakiuliza juu ya mjamzito, kadi ya kliniki, choo na maji. Wengi wao ni watu wa mtaa huo huo, na hubisha hodi kwa jina. Ndani ya muongo uliopita wapangaji wa mji nao walikaa na wakazi katika mpango wa Ng'ambo Tuitakayo, na kwa mara moja mtaa ukaandikwa kama urithi badala ya kuandikwa kama tatizo. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Mstari wa orodha hiyo unapita karibu kabisa na pale maji yalipokuwa.

Kuelekea jioni, masika yakiwa yamekaza na bahari ikiwa imejaa, maji husimama kwenye sehemu za chini na watoto wa skuli huvua viatu kuvuka. Mama mmoja hutokea barazani na kupiga kelele watoto wasiingie, na wenye barazani nyingine huipokea sauti hiyo na kuipeleka mbele, mpaka mtoto wa mwisho anapanda kwenye ngazi ya nyumba iliyo karibu, nyumba ya mtu yeyote, na kuoshwa miguu kwa maji ya mfereji.